Kabla ya kuandika barua ya kustaafu

Mtumishi wa umma Tanzania akifikisha miaka 55 anaruhusiwa kustaafu kwa hiari, na akifikisha 60 anastaafu kwa lazima. Katikati hapo kuna miaka mitano ambayo kila mtu ana la kukushauri. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Tanga mjini, na tangu nilipovuka hamsini swali limekuwa hilo hilo: "Mwalimu, unatoka lini?" Huniuliza wenzangu ofisini, huniuliza mashemeji, huniuliza hata dalali wa viwanja anayejua kwamba mafao yangu hayako mbali.

Ushauri wao si mbaya. Anayetaka nitoke mapema ananionea huruma: ungali na nguvu, jenga vyumba vya kupangisha, fuga kuku, nunua bajaji umkabidhi kijana akuletee hesabu kila jioni. Anayetaka nikae hadi mwisho naye ana hoja zake, na hoja hizo ni za hesabu. Nilipoajiriwa nilikuwa nakatwa michango ya mfuko wa pensheni wa PSPF. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma ikaunganishwa ikawa PSSSF. Waliotutangulia walikuwa wakichukua nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Julai 2022 ikaanza kutumika kanuni ya asilimia 33, na baada ya watumishi kulalamika kwa muda mrefu, bajeti ya 2024 ikatupandisha sisi tuliokuwa zamani kundi la asilimia 50, kutoka hiyo 33 tukafika 40. Kinachobaki mtu analipwa pensheni ya kila mwezi. Kila mwaka unaouongeza kazini unaongeza miezi inayoingia kwenye kikokotoo, na mshahara ukipanda nao unaingia. Haya ninayajua vizuri, na wenzangu kadhaa nimewakokotolea ya kwao kwenye karatasi.

Nilipomaliza kukokotoa ya kwangu nilijua nitapata kiasi gani nikitoka mwaka upi. Sikujua ni maisha gani ninayatafutia kiasi hicho. Ndipo nikaanza kujiuliza maswali kwa daftari na kalamu, na ninachotaka kusimulia hapa ni yale niliyojifunza kuhusu maswali yenyewe. Nimegundua kwamba mtu anaweza kujiuliza kwa bidii, akajijibu kwa ukweli, na bado asijue anakokwenda, kwa sababu tu swali alilojiuliza halikumhusu yeye.

Maswali ya kwanza nilipewa kwenye kikoba chetu. Alikuja mwezeshaji kutufundisha kuweka malengo, akatugawia karatasi: Unajiona wapi baada ya miaka mitano? Ungefanya nini kama pesa isingekuwa tatizo? Ungependa watu waseme nini siku ya maziko yako? Yule dada alikuwa mtu mwema na alikuja kwa nia njema. Tukaandika. Tuliposoma kwa sauti, karibu sote tulikuwa na mambo yale yale: nyumba ya pili, duka la jumla, watoto wapate ajira, gari, kwenda Makka. Majibu yangu hayakuwa ya uongo, lakini yangeweza kuandikwa na mwanamke yeyote aliyekuwa amekaa kwenye mkeka ule.

Nililiwaza jambo hilo kwa siku nyingi. Lile swali la pesa ndilo lililonikera zaidi. Ukiiondoa pesa katika maisha yangu, umeondoa na ada nilizowalipia wadogo zangu, dawa za presha za mama, rambirambi za msiba wa jirani, nauli ya mpwa wangu anayetafuta kazi. Umeondoa watu. Huyo anayebaki kulijibu swali si mimi, ni mtu asiye na kwao. Na swali la maziko, kwetu sisi maiti anahifadhiwa upesi, watu wanamwombea, wanasema alikuwa mtu wa watu, wanarudi makwao. Ukijiuliza watu watasema nini, jibu linalokuja ni sifa. Sifa haikuonyeshi ufanye nini Jumatatu asubuhi. Hilo la miaka mitano sina ugomvi nalo sana, ila ninaona linaifaa zaidi ofisi yenye bajeti na mpango mkakati. Mtu wa kawaida akiulizwa hivyo anaangalia jirani yake amefika wapi, kisha anaandika.

Nikaanza kuyageuza, moja baada ya jingine, mpaka yakae sawa na maisha yangu.

Mahali pa "kama pesa isingekuwa tatizo" nikaandika: Kwa kipato hiki hiki nilichonacho, ni kitu gani sikubali kikosekane mwezi huu? Mwanzo niliorodhesha unga, mchele, umeme, maji, mkaa. Hayo kila nyumba inayo, nikayafuta. Nikarudi kwenye matumizi ya miezi iliyopita, maana mimi huandika kila ninachotoa. Ilibaki nauli ya kwenda Muheza kumwona mama, ambayo hata mwezi mgumu sikuwahi kuikata. Yalibaki madaftari na penseli. Hayo madaftari hayakuwa ya wanangu wala ya shule. Yalikuwa ya akina mama wa mtaani kwetu, na sikuwa nimeyahesabu kuwa ni kitu chochote katika maisha yangu.

Nieleze kidogo. Ninakaa mtaa wenye mchanganyiko, wavuvi, mafundi, akina mama wanaouza maandazi na samaki wa kukaanga. Wengi wao wana simu. Wanatumiwa pesa, wanatumiwa ujumbe, wanaandikiwa katika kitabu cha kikoba hisa walizonunua na mkopo waliobakiza. Baadhi yao hawajui kusoma, na wengine walisoma zamani wakasahau. Alasiri nikirudi kazini mmoja huja barazani: "Mwalimu, hebu niangalizie hapa, wameandika nini?" Nikawa naangalia. Baadaye nikasema, kaa basi tuandike jina lako. Wakaja wawili, wakaja na wengine. Niliona ni ujirani tu. Mtu haandiki ujirani katika karatasi ya malengo.

Ndipo swali la pili likanisaidia, na hili ninalipenda kuliko yote: Wiki iliyopita saa zangu zilikwenda wapi, na saa ipi iliponiishia nilisikitika? Nilichora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto niliandika nilichofanya, kulia neno moja tu la hali niliyokuwa nayo. Sikuandika sababu, kwa kuwa mwalimu wa insha akianza kuandika sababu hamalizi, na sababu zinajipamba zenyewe. Neno moja: nzito, nyepesi, usingizi, hasira, furaha.

Nilifanya hivyo kwa majuma kadhaa. Kujaza taarifa za utendaji kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima kazi za watumishi: nzito, kila mara. Vikao vya idara: usingizi. Twisheni ya Jumamosi asubuhi: nzito. Hili lilinishangaza, maana kila aliyeniuliza nilikuwa namwambia twisheni ndiyo inayoniweka mjini. Kusahihisha insha za kidato cha nne: nzito, isipokuwa pale mtoto anapoandika sentensi iliyo yake, hapo nimeandika furaha hata zikiwa saa nne za usiku. Barazani na akina mama: nyepesi, furaha, nyepesi, furaha. Na mara kadhaa nimeandika "magharibi", kwa maana adhana ilitukuta tungali tumeshika penseli.

Daftari la matumizi na daftari la saa yalikuwa yamesema jambo moja bila kupatana. Mimi nililiamini kwa sababu hiyo. Nikiulizwa ninapenda nini ninaweza kujibu kwa kumfurahisha aliyeniuliza, hata akiwa ni mimi mwenyewe. Nikiulizwa pesa ilikwenda wapi na saa zilikwenda wapi, siwezi kubuni. Tangu hapo, mtu akiniomba maswali ya kujitafakari humwambia aanze na yale ambayo jibu lake linaweza kuhakikiwa, na yale ya ndoto yaje baadaye.

Kwa nini jambo hili lilinishika namna ile, nililijua nilipokwenda Muheza. Mama yangu hakusoma shule utotoni. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya mwaka mpya, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yalifunguliwa kila mahali, shuleni jioni, chini ya miti, kwenye mashamba ya mkonge. Mama alikwenda ngumbaru akiwa na mimi mgongoni. Nilimsalimia, tukakaa, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: "Mama, uliponisomesha ulitaka niwe nani?"

Akanitazama kwa muda. "Mie sikutaka uwe nani, mwanangu. Nilitaka usiwe wa kusomewa barua na watu."

Akanieleza kuwa kabla ya kisomo, barua za baba kutoka kazini zilikuwa zikisomwa na karani wa shamba, na kila kilichoandikwa kilijulikana kijiji kizima kabla ya jua kuchwa. Sikuwa na habari hiyo. Niliiandika usiku ule ule.

Kuna swali jingine lililonipa taabu zaidi ya hayo. Kama hakuna mtu atakayejua nimelifikia lengo hili, bado nitalitaka? Kwa miaka mingi nilikuwa na azma ya kusoma shahada ya uzamili. Niliulizia vyuo, nikaweka akiba, nikawa nasema mwakani. Nililiweka swali hili mbele ya azma ile. Tuseme nisome, nifaulu, na hakuna atakayeniita kwa cheo chochote, hakuna mahafali, hakuna picha ukutani, mshahara haubadiliki. Je, ninataka kukaa miaka miwili nikiandika tasnifu? Nilikaa na swali hilo jioni kadhaa nikitamani jibu liwe ndiyo. Lilikuwa hapana. Nilichokuwa nikikitaka ni heshima ambayo wenzangu waliosoma wanaipata kwenye vikao, na heshima si kitu kibaya, lakini bei yake kwangu sasa ni kubwa.

Nikaweka swali hilo hilo mbele ya hija. Niende Makka, nirudi, na hakuna atakayeniita Hajjat, hakuna dua ya kuniaga wala ya kunipokea, hakuna atakayenipigia simu. Jibu likaja kabla sijamaliza kuandika. Nitakwenda, Mungu akijaalia. Malengo yote mawili yalikuwa katika karatasi ile ile ya kikoba, nimeyaandika kwa kalamu moja, na kumbe moja lilikuwa langu na jingine lilikuwa la chumba cha walimu.

Lazima niseme jambo kuhusu wakati wa kujiuliza, kwa kuwa sijaona watu wakilitaja. Majibu yangu yalikuwa yakibadilika kufuata tarehe. Wiki ya mshahara niliandika mambo makubwa: msingi wa vyumba vitatu, friza la kuuzia samaki, safari. Katikati ya mwezi, nimekaukiwa, niliandika mambo ya hofu: nikae kazini hadi 60, nisimkopeshe mtu, nipunguze safari za Muheza. Ukiyasoma kurasa hizo mbili utadhani zimeandikwa na watu wawili wasiojuana. Basi nikaanza kujiuliza swali moja hilo hilo siku za mshahara na siku za ukata, siku nina afya na siku malaria imenilaza, kisha nikatafuta kilichojitokeza pande zote. Vilikuwa vichache. Mama. Baraza. Hija. Binti yangu amalize chuo. Vyumba vya kupangisha vilikuwapo siku za mshahara tu.

Nilijiuliza baada ya sala ya alfajiri, kabla nyumba haijaamka. Sisi tumefundishwa muhasaba tangu madrasa, na kauli inayonukuliwa kwa Sayyidna Umar kwamba jihesabuni kabla hamjahesabiwa nimeisikia kwenye mawaidha tangu nina akili. Mwenzangu mmoja kazini, Mkatoliki, naye huchunguza dhamiri kila usiku kabla ya kulala, na tulipozungumza tukaona tunafanya jambo la karibu sana. Tofauti niliyoiona ni kwamba zamani nilikuwa nikijihesabu kwa makosa tu: nimemsema nani, nimechelewesha sala ipi. Kuhesabu na yale yaliyonipa uhai ni jambo nililolianza ukubwani, na ningependa niwe nimefundishwa mapema.

Wanafunzi ndio wananifanya niseme hivyo. Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha nne hujaza selform, fomu ya kuchagua chuo na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita. Tangu mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65, kwa hiyo mtoto ana uwanja mpana zaidi wa kuchagua na pia wa kuchanganyikiwa. Tunawauliza swali tulilorithi: unataka kuwa nani? Wanajibu daktari, mhandisi, rubani, kwa sababu hizo ndizo kazi zilizotajwa kwao tangu chekechea. Alikuja kijana mmoja amejaza PCB juu kabisa, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia.

"Kwa nini PCB?" nikamuuliza.

"Baba amesema niwe daktari, Mwalimu."

"Sawa. Kipindi gani mwalimu wake asipokuja unaumia?"

Akanyamaza, akatabasamu. "Jiografia. Tukiwa na ramani."

Sikumwambia abadilishe kitu. Nilimwambia aende nyumbani amweleze baba yake jibu hilo, kwa adabu, na amuulize yeye alipokuwa shule kipindi gani kilimuuma kukikosa. Baba akaja shuleni wiki ile. Alikuwa mtu mpole, fundi wa magari, akasema: "Mwalimu, mie nilikuwa sijui kama kuna kazi ya ramani." Tukakaa watatu tukazungumza habari za upimaji ardhi na mipango miji. Uamuzi waliuchukua wenyewe nyumbani kwao, na mimi nimeridhika kwamba safari hii kijana alikuwa na la kusema.

Hilo linanileta kwenye swali la familia, ambalo karatasi ya kikoba haikuwa nalo kabisa: Lengo hili nani atalilipia pamoja nami, na amekubali? Mtu wa kwetu halengi peke yake. Nikistaafu leo, mume wangu analipa, kwa kuwa pensheni yake ya bandarini itabidi ibebe kinachopungua. Binti yangu analipa, maana yuko chuo Dodoma na mkopo wa bodi haukutosheleza ada yote. Nikiendelea hadi 60, mama analipa, kwa kuwa ninamwona mwisho wa wiki tu na mwaka haumsubiri mtu. Kujitafakari peke yangu alfajiri kulinifikisha mahali, kisha ikabidi niwaulize wanaolipa.

Nilianza na mume wangu. Nilimsomea kurasa kadhaa za daftari, si zote. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Ukikaa nyumbani kutwa utaumwa, mke wangu, ninakujua. Mimi shule sina neno nayo. Jumamosi zako ndizo ninazozitaka." Nilikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo ya mafao na vyumba vya kupangisha. Yeye alikuwa na neno moja, Jumamosi, na lilikuwa limekaa kifuani mwake muda ambao sikuweza kuuliza ni mrefu kiasi gani. Binti yangu nilimpigia simu. Alilia kidogo, akasema: "Mama, mimi nilidhani unaendelea kwa ajili yangu na unachukia." Nikamwambia ninaendelea kwa ajili yake na sichukii, na kwamba daftari linanishuhudia: asubuhi ya vipindi viwili vya mwanzo, watoto hawajachoka, nimeandika nyepesi mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Kutokana na hayo nikafika kwenye swali ambalo ninalipa uzito kuliko mengine, na ambalo watu hulikwepa: Niache nini? Malengo yangu ya miaka yote yalikuwa ya kuongeza. Ongeza hisa, ongeza kozi, ongeza kiwanja. Lakini siku haikuongezwa saa. Nililiandika swali juu ya ukurasa mtupu na nikajilazimisha kutaja majina ya vitu, si maneno ya jumla kama "kupunguza mambo".

Niliandika twisheni ya Jumamosi. Kipato chake kilikuwa kikienda karibu chote kwenye michango, nikaandika michango. Hapo nilisita sana. Katika mji wetu mtu ana kamati za harusi, singo, sare, kumtoa mwali, na kila kadi inakuja na jina la mtu unayempenda. Kusema hapana ni jambo zito, na sikutaka kuwa mtu anayejitoa kwa watu. Nikaweka kiasi cha mwezi kwa ajili ya shughuli, nikakigawa kwa ndugu wa karibu na majirani wa ukuta kwa ukuta, na kwa wengine nikasema nitakuja kusaidia kazi: kupepeta mchele, kukuna nazi, kusimamia chungu. Wapo walionuna. Wengi hawakununa, na wawili waliniuliza faraghani nimewezaje. Nikaacha pia uzamili, kwa kuandika, tarehe na sahihi, ili nisiendelee kuibeba kama deni.

Nilipofika hapo nikarudi kwenye lile swali la watu wote, unatoka lini, na nikaliona lina sura nyingine. Nilikuwa nikiamini kwamba kustaafu ndiko kutanipa maisha ninayoyataka, na kwamba kazi ya kujitafakari ni kupata mwaka. Kumbe ninachokitaka kilihitaji alasiri nne za wiki, kibao, madaftari, na Jumamosi iliyo huru. Hakuna hata kimoja kinachohitaji barua kwa mwajiri. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, alikuwa karani wa serikali miaka mingi na kazi yake ya kalamu akaifanya humo humo. Nimemfundisha kwa miaka yangu yote ya kazi, na ni mwaka huu tu nilipomfikiria kama mtu aliyekuwa anarudi nyumbani jioni amechoka.

Kwa hiyo sikuandika barua. Nitaendelea hadi binti amalize, kisha nitaliangalia tena jambo hilo nikiwa na 57 au hapo. Darasa la barazani sasa lina siku zake. Ninatumia vitabu vyao vya kikoba, jumbe za simu zao, vipeperushi vya kliniki, bei za sokoni. Sikutaka kuwaanzisha na a, e, i, o, u, kwa sababu mtu mzima anakuja na haja yake mkononi, na mwalimu akianza na haja hiyo somo linakwenda haraka. Hata wao nimewapa swali la kwanza kabla ya penseli: Ni kitu gani umechoka kusomewa na mtu mwingine? Mmoja alisema majibu ya hospitali. Mmoja alisema jina la basi. Mmoja, mama wa makamo, muuza samaki, alisema ujumbe wa mwanawe aliye Muscat, anaomtumia kila Ijumaa, ambao husomewa na mkwewe. Huyo tulianza na neno "mama".

Liko swali ambalo sijalijibu. Nikishastaafu, nikae Tanga au nihamie Muheza kwa mama? Nimelijaribu siku za mshahara na siku za ukata, na majibu hayajakutana. Ninapoandika Muheza ninaona baraza langu limefungwa. Ninapoandika Tanga ninamwona mama anapika peke yake. Mume wangu anasema mama aletwe mjini, mama anasema hatoki kwenye kaburi la mumewe. Nimewaomba ndugu zangu tukutane baada ya Ramadhani, kila mmoja aje amejiuliza na kuandika mambo mawili: ni kitu gani anaweza kumfanyia mama kila wiki bila kukumbushwa, na ni kitu gani hawezi hata akiombwa. Kaka yangu mkubwa amekwisha kuniambia la pili amelijibu, la kwanza bado analifikiria.